Puto lenu halitawaambia kama mmeleta mvua, ila linaweza kulipima wingu

Swali: "Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja mkoani Dodoma. Klabu yetu ya sayansi inataka kuunda kisanduku cha kubebwa na puto la hali ya hewa, kiende kumwaga chumvi au iodidi ya fedha (kemikali ya madini ya fedha na iodini) ndani ya wingu, halafu tuone kama mvua itaongezeka. Wanafunzi wana ari, tuna bodi kadhaa za Arduino (kompyuta ndogo za kuunganishia vihisi), na yupo fundi wa redio aliyekubali kutusaidia. Tuanzie wapi, na kisanduku kiwe na nini ndani?"

Mwalimu, hongera kwako na kwa vijana wako. Bora niliseme mapema jambo ambalo lingewavunja moyo mkiligundua mwishoni: puto lenu haliwezi kuwaambia kama mvua imeongezeka. Sisemi hivyo kwa kuwa ni wanafunzi. Hata watu wenye ndege, rada na fedha za serikali swali hilo limewahangaisha kwa zaidi ya miaka 70. Lakini liko swali jingine linalotangulia hilo, na ni la kisayansi kwelikweli: je, wingu linalopita juu ya shule yenu lina kile ambacho uchochezi wa mvua, yaani kumwaga vitu kwenye wingu ili linyeshe, unakihitaji? Hilo mnaweza kulijibu wenyewe, na kisanduku nitakachokueleza kimekusudiwa kulijibu.

Kwanza tuelewane wingu ni nini. Ni matone madogo mno ya maji, kipenyo chake kama mikroni 20 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Tone la mvua lenye kipenyo cha milimita 2 limepita lile la wingu mara 100 kwa upana, maana yake mara milioni moja kwa ujazo. Kwa hiyo ili mvua inyeshe, matone kama milioni ya wingu lazima yageuke kuwa tone moja, tena haraka, kabla wingu halijakauka. Yapo mapito mawili. La kwanza ni kugongana na kuungana, matone makubwa kidogo yakiyazoa madogo njiani. La pili ni la barafu. Maji ya wingu yanaweza kubaki maji hata yakifika nyuzi 10 au 20 chini ya sifuri, kwa sababu hayana chembe ya kuanzia kuganda. Chembe ya barafu ikitokea kati yao, inanyonya mvuke kwa kasi kuliko matone yanayoizunguka, inanenepa, inaanguka, na huku kwetu inayeyuka njiani na kufika chini kama mvua.

Mwezi Julai 1946, Vincent Schaefer, akifanya kazi katika kampuni ya General Electric huko Schenectady, New York, aliweka barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, ndani ya friza iliyojaa ukungu wa pumzi yake, na ukungu ule ukageuka fuwele papo hapo. Novemba mwaka huohuo akapanda ndege na kuyajaribu hayo kwenye wingu halisi huko Massachusetts. Mwenzake Bernard Vonnegut akagundua kwamba iodidi ya fedha nayo inafaa, kwa kuwa mpangilio wa fuwele zake unakaribiana na ule wa barafu. Huanza kufanya kazi kwenye nyuzi kama 5 chini ya sifuri, na huwa bora zaidi baridi inapoongezeka. Chumvi ni habari nyingine kabisa. Yenyewe haigandishi kitu. Inavuta unyevu na kutengeneza matone makubwa yatakayoanzisha ule mgongano, na mahali pake ni kwenye kitako cha wingu, chini kabisa, ambako hewa inaingia ikipanda.

Umeona basi kwamba "chumvi au iodidi ya fedha" si vitu viwili vya kuchagua kimoja kwa bei. Ni majaribio mawili tofauti, kwenye sehemu mbili tofauti za wingu.

Hapo kwenu mna historia ambayo vijana wanastahili kuijua. Mwaka 1952 wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki walifanya majaribio haya Kongwa. Walirusha maputo ya hidrojeni yakiwa yamefungwa vifurushi vya baruti na chumvi iliyosagwa, vilipuke karibu na kitako cha wingu. Miaka miwili baadaye majaribio ya namna hiyo yakafanyika Mityana, Uganda. Kwa hiyo wazo lenu lina umri wa zaidi ya miaka 70 katika mkoa wenu wenyewe. Msiwaige kwa baruti wala kwa hidrojeni. Mrithini swali, kwa sababu ninyi mna vitu ambavyo wao hawakuwa navyo: GPS, kamera ya gramu chache, na bodi inayoandika namba mara kumi kwa sekunde.

Sasa kwa nini nasema puto haliwezi kuonyesha kwamba mvua imeongezeka? Kaeni na vijana mpige hesabu tatu, kila moja kwa nusu saa ubaoni.

Ya kwanza ni ya dozi. Chukua gramu 100 za chumvi iliyosagwa hadi chembe za mikroni 5. Chembe moja ina uzito wa kama gramu 1.4 zidisha kumi kwa kipeo cha hasi 10, hivyo gramu 100 zinatoa chembe zipatazo bilioni 700. Inasikika nyingi. Zitawanye kwenye kilomita moja ya ujazo ya wingu, unapata chembe 700 kwa kila mita ya ujazo, yaani haifiki hata moja kwa lita. Lita hiyohiyo ina matone ya wingu yasiyopungua laki moja. Wingu hilo likiwa na nusu gramu ya maji kwa mita ya ujazo, limebeba tani 500 za maji. Sisemi kwamba chembe chache haziwezi kuanzisha kitu, maana nadharia ya chumvi inategemea hao wachache wakubwa. Ninasema tu mjue mnachokiweka ni kiasi gani mbele ya kilichomo.

Ya pili ni ya muda, na hii ndiyo inayobomoa michoro mingi ya vifaa vya aina hii. Puto linapaa mita 5 kwa sekunde. Likishamwaga unga wake, sekunde kumi baadaye liko mita 50 juu, na dakika tano baadaye liko kilomita moja na nusu juu. Chembe za mikroni 5 zinashuka milimita moja au mbili tu kwa sekunde, hivyo zinabaki palepale kwenye hewa iliyozipokea. Kisanduku kilichomwaga hakiwezi tena kuona matokeo ya kilichomwagwa. Watu wengi husema, basi turushe la pili nyuma yake. Upepo wa mita 8 kwa sekunde ndani ya dakika kumi umeshaisogeza hewa ile karibu kilomita 5. Puto la pili litapita kwenye hewa nyingine, pengine hata wingu jingine.

Ya tatu ni ya takwimu. Mvua ya wingu moja na ya jirani yake hutofautiana vibaya sana. Tuseme mtawanyiko wake unalingana na wastani wenyewe, jambo la kawaida kwa mvua za ngurumo. Mkitaka kutambua ongezeko la asilimia 15, kwa kiwango cha kawaida cha uhakika wa kitakwimu, mnahitaji mawingu kama 700 yaliyochochewa na 700 yasiyochochewa. Hayo ni maputo 1,400. Israeli walirudia jaribio lao kwa misimu saba, kuanzia 2013 hadi 2020, wakichagua kwa bahati nasibu lini wachochee na lini waache. Wakapata ongezeko la asilimia 1.8, ambalo kitakwimu haliwezi kutofautishwa na bahati. Huko Missouri, Marekani, kati ya 1960 na 1964, siku zilizochochewa zilionekana kupata mvua pungufu. Palipopatikana ushahidi ulio wazi ni Idaho, Marekani pia, Januari 2017. Ndege ilimwaga iodidi ya fedha kwenye mawingu ya baridi juu ya milima, na rada ikaona mistari ya theluji ikijichora palepale ndege ilipopita. Waliona kwa sababu walikuwa na rada ikitazama wingu lenyewe, na kwa sababu walikuwa wamehakikisha kwanza kwamba wingu lina maji yasiyoganda.

Neno "kwanza" ndilo ninalotaka mlishike. Kabla ya kuuliza kama dawa imefanya kazi, lazima ujue mgonjwa ana ugonjwa ambao dawa hiyo inautibu. Wingu ambalo limekwisha kujaa barafu yake halihitaji iodidi ya fedha. Wingu ambalo halifiki kimo cha baridi halina la kufanya nayo. Juu ya Dodoma, nyuzi sifuri hupatikana kwenye kimo cha kama mita 4,900 kutoka usawa wa bahari, na nyuzi 10 chini ya sifuri kwenye kama mita 6,600. Ninyi mnaanzia mita 1,100 hivi. Puto lenu litafika kwenye sifuri baada ya dakika kama 13, halafu litavuka ukanda wote tunaoutaka kwa chini ya dakika 6. Hizo dakika 6 ndizo jaribio lenu. Kila kitu kwenye kisanduku kipangwe kwa ajili yake.

Chombo kikuu ninachopendekeza ni waya unaotetemeka. Ni waya mfupi wa chuma, ncha moja imebanwa imara kwenye fremu nje ya kisanduku, ncha nyingine iko huru. Sumaku-umeme ndogo inauvuta na kuuachia kila baada ya sekunde chache, na kihisi kinahesabu mitetemo yake kwa sekunde. Ukipita kwenye maji yaliyo chini ya sifuri ambayo hayajaganda, matone yanagonga waya na kuganda juu yake hapohapo. Waya unakuwa mzito, mitetemo inapungua. Ukipita kwenye wingu lililokwisha kuwa barafu tupu, fuwele zinadunda na kuondoka, na mitetemo inabaki ilivyokuwa. Hapo ndipo palipo na uzuri wake: chombo kisicho na kioo wala leza kinatenganisha maji na barafu, na ndicho tulichotaka kujua. Vyombo vya aina hii vimerushwa na maputo ya utafiti tangu miaka ya 1980. Hesabu yake ni ya kidato cha tano: mitetemo inakwenda kinyume na kipeuo cha pili cha uzito. Ikipungua kwa asilimia 5, uzito unaotetemeka umeongezeka kwa karibu asilimia 11. Kasi ya kuongezeka huko, ukijua kasi ya kupaa na unene wa waya, inakupa makadirio ya gramu za maji kwa mita ya ujazo.

Tahadhari mbili juu ya waya. Chuma chenyewe hubadili ugumu wake kidogo kadiri ya joto, hivyo mitetemo itayumba hata bila barafu. Pimeni myumbo huo kwenye friza kabla ya safari, mchore mstari wake, mje kuutoa kwenye data. Na fremu isiuweke waya kwenye kivuli cha kisanduku. Hewa inakuja kutoka juu puto likipaa, kwa hiyo waya utokeze pembeni kwa mkono, ulale kwa usawa wa ardhi, mbali na kuta.

Vihisi vya kawaida ni rahisi zaidi ila vina mitego. BME280, kihisi kidogo cha mgandamizo, joto na unyevu ambacho bila shaka mnacho, inapima mgandamizo wa hewa hadi hektopaskali 300 tu, kimo cha kama mita 9,000. Kwa kazi hii inatosha, maana hatuna haja ya kwenda anga za juu. Lakini msiitegemee kwa joto ikiwa ndani ya boksi, kwa sababu itapima joto la betri. Wekeni kihisi kidogo cha joto nje, chenye umbo la punje, kikingwe jua lisikipige moja kwa moja huku hewa ikipita. Kwenye wingu joto linashuka nyuzi kama 6 kwa kilomita, yaani 0.03 kwa sekunde kwa mwendo wenu. Kihisi kinachochelewa sekunde 10 kinakosea kwa 0.3, tunavumilia. Kinachochelewa dakika mbili kinaharibu kila kitu. Kihisi cha unyevu kikishalowa ndani ya wingu kitaendelea kusema asilimia 100 hata mkitoka, hivyo msikitumie kujua juu ya wingu ni wapi. Kwa hilo tumieni vihisi viwili vya mwanga, kimoja kinatazama juu na kingine chini, pamoja na kamera. Ndani ya wingu mwanga wa pande zote unakaribia kulingana, na mkitoka juu yake tofauti inaruka ghafla. Inaonekana kwenye grafu bila ubishi.

Vile vipima vumbi vya bei nafuu vyenye feni na leza vimetengenezwa kwa hewa kavu ya chumbani, kwa chembe zisizozidi mikroni 10. Vikiingia wingu vinameza maji na kutoa namba zisizo na maana. Ila chini ya wingu vinafaa: vinawaambia hewa inayoingia kwenye kitako imebeba vumbi na moshi kiasi gani. Hewa yenye moshi mwingi hutoa matone mengi na madogo, ambayo hugongana kwa shida. Data hiyo ina thamani kwa suala la chumvi, na sehemu kama Dodoma ambako vumbi si kitu cha kutafuta, ningependa sana kuiona.

GPS ina kosa moja linalopoteza visanduku vingi. Moduli nyingi za u-blox, kampuni ya vipokezi vya GPS, zikiachwa kwenye mpangilio wake wa kiwandani hukataa kutoa kimo zaidi ya mita 12,000. Safari yenu inaishia chini ya hapo, lakini puto likigoma kukatika litaendelea kupanda, na hapo ndipo mtakapolihitaji. Wekeni mpangilio wa kuruka angani, mhakikishe bodi inautuma upya kila inapowaka. Betri ziwe za lithiamu zisizochajiwa, maana za alkali hulala kwenye baridi. Boksi liwe la povu jepesi kama yale ya kusafirishia samaki wenye barafu, likatwe kwa kisu na kuunganishwa kwa gundi isiyoyeyusha povu. Kisanduku chote kisizidi kilo 1. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinaweka maputo yenye mzigo usiofika kilo 4 kwenye kundi jepesi, lakini msipakaribie hapo. Uzito ni gharama ya gesi na ni hatari kwa aliye chini.

Kuhusu gesi: heliamu, ingawa ni ghali. Kwa kisanduku cha kilo 1, puto la gramu 600, parachuti na kamba, mnahitaji kubeba karibu kilo 1.75 na kuongeza nguvu ya ziada ya kama kilo 0.9 ili lipae mita 5 kwa sekunde. Kwa hewa ya Dodoma, mita moja ya ujazo ya heliamu inanyanyua kilo 0.9 hivi, kwa hiyo jazeni karibu mita 3 za ujazo. Pimeni kwa mzani wa kuning'iniza wa sokoni kabla ya kufunga shingo ya puto.

Msiliache lipande hadi lipasuke. Funga waya wa nikromu kwenye kamba ya nailoni kati ya puto na parachuti, bodi ipitishe umeme kimo kikifika mita 7,500 ili waya upate moto na kuikata kamba, na saa ya pili inayojitegemea ifanye hivyo baada ya dakika 30 endapo GPS imezimika. Safari nzima itachukua kama dakika 45 badala ya zaidi ya saa mbili, na kwa upepo wa wastani wa mita 10 kwa sekunde kisanduku kitaanguka kama kilomita 27 kutoka shuleni. Mnaweza kukifuata kwa pikipiki na kukipata siku hiyohiyo. Fundi wenu wa redio apangiwe hili: kisanduku kitangaze mahali kilipo kila sekunde kumi, na data kamili ibaki kwenye kadi. Masafa ya redio yathibitishwe na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kabla ya kununua moduli.

Naujua moyo wa vijana: wanataka kumwaga kitu. Iodidi ya fedha muiache. Ili ifanye kazi lazima iwe moshi laini, na moshi huo hupatikana kwa kuchoma fataki maalumu au myeyusho wenye asetoni. Moto chini ya puto, juu ya mashamba na nyumba za watu, sikubaliani nao hata mkiwa na ruhusa. Barafu kavu haina moto, na kinadharia ndiyo rahisi kuliko zote, ila ikifungiwa kwenye chombo kisichopumua chombo hupasuka, na sidhani kama itawafikia Dodoma ikiwa nzima.

Chumvi mnaweza kuifanyia kazi kama tatizo la uhandisi. Isageni, ikausheni kwenye oveni, ichanganyeni na silika laini kidogo (unga wa madini yaliyomo kwenye mchanga) isishikane, kisha mjaribu kuimwaga kutoka kwenye boksi lililopozwa kwenye friza usiku kucha. Mtaona mambo mawili haraka sana. Unga uliosagwa asubuhi unakuwa mabonge jioni ya masika. Na mota ndogo ya servo, yenye grisi ya kawaida, inakwama kwenye baridi. Mlango unaoshikwa na uzi na kukatwa na waya wa moto haukwami. Mwageni mbele ya taa kali kwenye chumba chenye giza, mweke vioo vya maabara chini kwa umbali tofauti, na mpime kwa hadubini ni sehemu gani ya unga ilibaki chembe na ipi ilianguka kama mabonge. Mkipata hata nusu yake ikiwa chembe za chini ya mikroni 10, mmefanya kazi kubwa. Mkija kuibeba angani, na wenye mamlaka wakiwa wameridhia, jazeni nusu ya visanduku chumvi na nusu silika tupu, bahasha iliyofungwa iamue kipi kinakwenda lini, na wanaosoma data wasijue hadi wamalize kuisoma.

Uchochezi wenyewe uonekane kwa macho shuleni, kama alivyouona Schaefer. Friza ya kifuniko cha juu, kitambaa cheusi kikitandikwa ndani, tochi kali ikimulika kwa pembeni. Kila mwanafunzi apumue ndani taratibu hadi ukungu ujae. Pigeni kipande cha plastiki yenye viputo vya hewa, ile ya kufungia vyombo, kipasuke ndani ya ukungu: hewa inayotanuka ghafla inapoa kiasi cha kuzalisha fuwele, na mtaziona zikimetameta kwenye mwanga wa tochi zikizama taratibu. Friza ifike nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi. Mkikosa barafu kavu, hili linatosha, na ni tukio ambalo mtoto halisahau.

Kwenye friza hiyohiyo mtasawazisha vihisi. Ndoo ya maji yenye barafu iliyopondwa itawapa sifuri. Msitumie maji yanayochemka kama nyuzi 100. Kwenye kimo cha Dodoma yanachemka kwenye kama 96. Nyunyizeni maji kwa chupa ya dawa juu ya waya unaotetemeka ndani ya friza, mpime uzito wa barafu iliyoshika kwa mzani wa maabara, mlinganishe na kupungua kwa mitetemo. Bila mstari huo wa ulinganisho, data ya angani ni michoro tu. Halafu ombeni kituo cha karibu cha Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wawaruhusu kuning'iniza kisanduku karibu na vyombo vyao kwa siku moja. Watafurahi kuliko mnavyodhani.

Ruhusa mziombe miezi kabla. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, wajue siku, saa, mahali, uzito na kimo. Dodoma ina uwanja wa ndege na ndege hazisubiri ratiba ya klabu. TMA waelezwe kama mna nia ya kumwaga chochote, hata chumvi ya mezani. Siku ya kurusha, mkisikia ngurumo hata moja, shusheni puto. Kamba iliyolowa chini ya wingu la radi si kitu cha kushikwa na mtoto. Tafuteni mawingu marefu yanayokua ambayo hayajaanza radi, saa nane hadi saa kumi mchana, kuanzia Desemba.

Kuna ruhusa nyingine isiyo na fomu. Katika Ugogo dhamana ya mvua ilikuwa ya watemi, na hadi leo mvua ikikosekana watu huuliza nani amefanya nini. Mkirusha puto jeupe kuelekea wingu, na wingu hilo likaenda kunyesha kijiji cha pili, au kukaja mafuriko, mtaulizwa. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji na kwenye mkutano mkiwa na kisanduku mkononi, mkifungue, mwonyeshe waya na kamera, mseme wazi kwamba kinapima na hakiiti mvua. Hapo utaona faida nyingine ya kuanza na upimaji: maneno hayo yatakuwa kweli. Juu ya boksi andikeni kwa herufi kubwa: "Kifaa cha wanafunzi cha kupima mawingu. Si hatari. Tafadhali piga namba hii."

Safari za msimu wa kwanza ziwe za kupima tu, na mkipata tatu au nne zilizopita ndani ya wingu zuri mna jambo la kuandika. Picha za setilaiti za hali ya hewa za Meteosat hutoka kila baada ya dakika chache na zitawaonyesha wingu lenu lilikuwa kubwa kiasi gani mlipolipita. Ikitokea safari ambayo mitetemo ilianza kushuka baada tu ya kuvuka sifuri, nitumieni faili ghafi bila kuisafisha, pamoja na mstari wenu wa friza na picha za kamera za dakika hizo sita. Nitakaa na vijana tuzisome pamoja, mstari kwa mstari.